Kikundi nimekipata, lakini mzazi wa mwanafunzi wangu yumo

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi mjini. Nina miaka 39 na watoto wawili, wa kwanza ni binti aliye darasa la saba. Mume wangu ni dereva wa malori, anapita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na akiondoka anaweza kumaliza mwezi hajarudi. Naomba usitaje chochote cha kunitambulisha zaidi ya hapo.

Nakunywa pombe, mama. Siyo ile ya sherehe. Nilianza na viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, kimoja usiku watoto wakishalala, kwa sababu nilikosa usingizi baada ya kumzika mdogo wangu. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 nilimshukuru Mungu, nikasema nimetolewa huko bila hata kuomba. Haukupita muda nikawa nanunua vichupa vidogo vya pombe kali. Leo nanunua Majengo, kesho Pasua, keshokutwa nakwenda Mbuyuni kana kwamba nafuata nyanya, ili muuzaji yeyote asinizoee. Navificha ndani ya sufuria kubwa la pilau, lile tunalolitoa Krismasi tu. Asubuhi nazimua kidogo kabla ya kwenda kazini, maana nisipozimua mkono unatetemeka hata chaki haishikiki. Siku nyingine nawaita watoto waje waandike wao ubaoni, nasema nawazoesha. Binti yangu siku hizi ana tabia ya kunusa kikombe kabla ya kukiosha. Hasemi kitu. Ananusa, anaosha, anakiweka kabatini.

Nilipompeleka mtoto wa dada hospitali, niliona karatasi imebandikwa ukutani: kama pombe imekushinda, piga namba hii. Niliiandika nyuma ya kadi ya kliniki nikakaa nayo muda mrefu. Siku niliyopiga nilikuwa nimejifungia chooni shuleni. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole, akasema ni kikundi cha AA, watu wanaosaidiana kuacha pombe, wanakutana Jumanne saa kumi na moja jioni, hakuna kiingilio wala fomu. Akasema, "Njoo tu ukae."

Nilikwenda. Nilivaa barakoa na mtandio. Mlango ulikuwa wazi, viti vya plastiki vimepangwa duara, chupa ya chai iko mezani. Wanaume watupu. Na aliyekuwa anagawa vikombe ni mzazi wa mwanafunzi wangu, tena mjumbe wa kamati ya shule. Nilipitiliza kama mtu mwenye safari zake, nikapanda daladala ya kwanza iliyosimama. Usiku ule nilikunywa kuliko kawaida.

Yule bwana wa simu alinigusia kwamba Arusha nako kuna kikundi, wanakutana Jumamosi. Kule hanijui mtu. Lakini nauli ya kila wiki naitoa wapi, na nyumbani niseme nakwenda wapi? Nimefikiria kusema nimejiunga na kozi.

Dada yangu mkubwa nilimwambia. Yeye anasema ni pepo, nisimame mbele ya usharika nitubu, niombewe. Mimi ni mwanakwaya, mama, watu wananijua kwa kuimba. Shemeji, ambaye dada alimwambia bila kuniuliza, anataka nipelekwe soba hausi, zile nyumba za kuwasaidia waraibu, miezi kadhaa. Nikiondoka miezi kadhaa, shuleni nitarudi kama nani?

Mama yangu yuko Kibosho, anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza. Mbege hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka chuo cha ualimu. Desemba ukoo wote unapanda nyumbani, na baba mkubwa akikukabidhi kata ya mbege huwezi kuikataa.

Likizo ya Juni nilijaribu kuacha mwenyewe. Siku ya kwanza jasho na kutapika. Usiku wa tatu niliona wadudu wanatembea ukutani, nikamwamsha binti tuwaue, akaniambia, "Mama, hakuna kitu hapo." Nilipokunywa wakaondoka. Tangu hapo naogopa kuacha kuliko ninavyoogopa kunywa.

Mume wangu hajui, au anajua hajasema. Akijua ndoa imekwisha.

Nirudi pale Jumanne? Niende Arusha? Au niendelee kujaribu peke yangu nyumbani?

Mwalimu, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama kwenye kile kikombe. Nitakirudia. Naanza na jambo ambalo umeliweka karibu na mwisho, katikati ya mbege na mume, kana kwamba ni dogo.

Wale wadudu wa ukutani hawakuwa pepo, na hukuwa unarukwa na akili. Mwili uliozoea pombe kila siku hupanga shughuli zake zote ukiitegemea. Ukiikata ghafla, ubongo unabaki umechachamaa bila cha kuutuliza. Kutetemeka, jasho na kutapika huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, kwa anayepatwa nayo, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuona visivyokuwepo na kuchanganyikiwa huja sana siku ya pili hadi ya nne, na hapo ndipo mtu anaweza kupoteza maisha kabisa. Wewe ulifika siku ya tatu, ukiwa na watoto tu ndani ya nyumba. Kwa hiyo unaposema unaogopa kuacha, sikuoni mwoga. Unaogopa kitu kilichopo.

Katika zile njia tatu ulizoniuliza, hii ya kujaribu peke yako nyumbani ndiyo pekee nitakayokuambia waziwazi kwamba inanitia hofu. Usiikate pombe ghafla kabla hujaonana na daktari. Hospitali ya Mawenzi ipo hapo mjini, na ya KCMC ipo. Uliza wanaohusika na afya ya akili, na ukifika kwa daktari usiseme "nasikia uchovu" au "sipati usingizi." Mwambie kama ulivyoniambia mimi: nakunywa kila siku, nazimua asubuhi, nilipoacha niliona wadudu. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo itakayomfanya aache kuandika na akutazame. Zipo dawa za kutuliza mwili katika siku hizo za mwanzo, ipo vitamini B1 ambayo wanywaji wengi huwa wamepungukiwa, na yeye ndiye atakayepima kama unahitaji kulazwa au la. Dawa hizo hutolewa kwa kipimo na kwa siku chache. Usizitafute duka la dawa mwenyewe, na usichanganye vidonge vya usingizi na pombe.

Pengine atakuuliza maswali 10 ya dodoso la AUDIT, lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani. Limefasiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa utafiti hapa hapa Moshi, kwa majeruhi waliofika KCMC. Linahesabiwa kutoka 0 hadi 40, na kuanzia 8 huwa ni dalili ya kutazama kwa makini. Nakutajia hili ili ujue kwamba ukiingia kwenye chumba kile hutakuwa kioja. Mji huu umeshakaa na swali la pombe hospitalini, na wauguzi wake wamewaona walimu, madereva, wachungaji na madaktari wenzao.

Sasa tuje kwenye ule mlango wa Jumanne.

Umenisimulia kwamba ulimwona mzazi wa mwanafunzi wako, na ukaondoka kwa kuhofia atakuona. Nataka nikuulize kwa upole: yeye alikuwa anafanya nini pale? Hakuwa mkaguzi wa elimu. Anakaa kwenye viti vile vya plastiki kwa sababu ileile iliyokufanya upige simu ukiwa chooni. Akitaka kupeleka habari zako kwenye kamati ya shule, itabidi kwanza aeleze alikutana nawe wapi. Inawezekana kabisa kwamba hofu uliyokuwa nayo wewe nje, yeye ndiyo angekuwa nayo ndani kama ungeingia: mwalimu wa mwanangu amenikuta hapa.

AA ilianza mwaka 1935 huko Akron, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ilianza kwa watu wawili, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, ambao kila mmoja alikuwa ameshashindwa kuacha peke yake. Wana desturi ya kutambulishana kwa jina la kwanza tu na kuacha ndani yaliyosemwa ndani. Sharti la kuwa mmoja wao ni moja: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hawatozi ada, wanajichangia wenyewe kinachopatikana, na asiye na kitu hadaiwi. Ukifika unaweza kukaa kimya mpaka mwisho na ukaondoka bila kutaja hata jina.

Hata hivyo sitaki nikudanganye. Desturi ya kutunza siri inalindwa na watu, na watu hutofautiana. Moshi ni mji mdogo. Ukipanda daladala moja kutoka Kiboriloni hadi stendi unaweza kukutana na mwanakwaya mwenzako, muuza nyanya wako na mtoto uliyemfundisha miaka kumi iliyopita. Kuvuja kwa siri ni hatari ya kweli, na anayesema haipo hajawahi kuishi hapa. Iweke basi mizani. Upande mmoja kuna uwezekano wa mtu mmoja anayehangaika na pombe kama wewe kujua kwamba unataka kuacha. Upande wa pili kuna jambo linalotokea kila asubuhi ya kazi: unaingia darasani ukiwa umezimua, mbele ya watoto wenye pua na macho, na mwalimu mkuu anayepita korido. Lipi kati ya haya mawili liko karibu zaidi na kukukosesha kazi? Sijui mazingira ya shule yako kama unavyoyajua wewe, kwa hiyo jibu ni lako. Naomba tu usiihesabu hatari ya kuonekana kikundini peke yake, kana kwamba hivi sasa umejificha salama.

Kuna na hili la wanaume watupu. Ni kweli linakatisha tamaa, na una haki ya kulipima. Mwanamke anayeingia kikundi cha wanaume akiwa katika hali ya unyonge anaweza kukutana na mwenye nia nyingine. Hilo hutokea katika vikundi, katika makanisa na katika ofisi. Kama utakwenda, usikubali lifti ya pikipiki ya mtu usiyemjua gizani, na atakayeanza kukutafuta usiku kwa mazungumzo yasiyohusu kuacha pombe, una ruhusa ya kutomjibu na kumwambia mtu wa kikundi. Lakini pia jiulize kwa nini hapakuwa na wanawake. Wanawake wa mji huu wanakunywa. Wanakunywa jikoni, kwenye sufuria za pilau. Sitashangaa kama yupo mwingine aliyefika mlangoni Jumanne fulani, akaona wanaume watupu, akapanda daladala. Desturi ya AA ni kwamba watu wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kuwa kikundi. Mpigie tena yule bwana mwenye sauti ya upole. Mwambie, "Mimi ni mwanamke, nilifika nikarudi, yupo mtu ninayefahamiana naye kikazi." Usimtaje. Muulize kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kupiga, kama kuna siku nyingine ya kukutana, na kama unaweza kuonana kwanza na mtu mmoja mahali pa wazi mchana. Kupiga simu hiyo hakukufungi kwenda.

Arusha naielewa. Ni kama kilomita 80, Kosta zipo tangu alfajiri, na kuna raha ya kushuka mahali ambapo hakuna anayekuita Mwalimu. Watu wengi huweza kusema ukweli kwa mara ya kwanza mbele ya wageni. Ukianza Arusha ukapata ulimi, kisha ukaja Moshi baadaye, hutakuwa umekosea. Kabla ya kulipa nauli, uliza wanaongea lugha gani, maana vikundi vya Arusha vinaweza kuwa na wageni wengi na mazungumzo yakawa ya Kiingereza.

Linalonisumbua kuhusu Arusha ni Jumatano saa mbili usiku. Mume yuko Tunduma, watoto wamelala, sufuria liko kabatini, na Jumamosi iko mbali. Kikundi kinafanya kazi yake kubwa saa hizo, pale unapoweza kumpigia mtu akuambie "nakuja" au "njoo nyumbani kwangu tunywe chai na mke wangu." Mtu wa Arusha atakupokea kwa simu tu. Na hili la kusema unasoma kozi, mwanangu, litazame vizuri. Tayari unakumbuka duka gani la jana, muuzaji gani amekuzoea, chupa iko wapi. Ukiongeza kozi, itabidi uwe na mwalimu wa kozi, mitihani ya kozi na cheti cha kozi. Sisemi lazima umweleze kila mtu. Unaweza kusema "nakwenda Arusha kwa matibabu," na ukweli wako ukaishia hapo.

Ipo pia mikutano ya AA inayofanyika kwa intaneti. Kwa bando dogo na spika za masikioni unaweza kukaa nayo usiku ukiwa chumbani kwako. Haina chai wala mkono wa kushikana, lakini kwa mtu anayeogopa mlango inaweza kuwa mwanzo, na hata kwa Jumatano niliyoitaja.

Dada yako anakupenda. Alipokuambia habari ya pepo alikuwa anakutafutia msaada katika lugha anayoijua, na kuomba hakugombani na kikundi: AA wenyewe wanazungumza habari za Mungu, kila mtu kwa kadiri anavyomfahamu. Ila kuombewa ni jambo moja, na kusimama mbele ya usharika mzima ni jambo lingine. Unaweza kukubali la kwanza na kusubiri la pili, au usilifanye kamwe. Mwambie dada, "Njoo tuombe nyumbani, halafu unisindikize hospitali." Ukiona mchungaji wako ni mtu wa kutunza siri, nenda ofisini kwake peke yako. Na umwambie dada, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba habari zako kuzipeleka kwa shemeji bila kukuuliza kumekuumiza. Asipoambiwa, atampelekea na mwingine kwa nia ileile njema.

Soba hausi sitakaa nayo sana. Nyingi nchini zilianzishwa kwa ajili ya watumiaji wa dawa za kulevya, baadhi zinapokea wa pombe pia, na hutofautiana sana. Kama ikifika huko, uliza nani daktari wao wa wiki ya kwanza, wanawake wanalala wapi, gharama ni kiasi gani, na uombe kupaona kabla. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, unaweza kuuliza hapo. Kuhusu kazi, mtumishi akiugua kuna likizo ya ugonjwa kwa barua ya daktari. Hiyo nayo ni sababu ya kuanzia hospitali.

Mbege sasa. Nimeguswa na jinsi ulivyoandika kwamba ndiyo iliyokusomesha. Mama yako amemenya ndizi, amesaga ulezi, amechemsha na kuchuja kwa miaka ili wewe ushike chaki. Naona unabeba hisia kwamba ukiikataa mbege unamkataa yeye. Lakini je, ni kweli kata haikataliki? Hebu wakumbuke wa nyumbani kwenu Desemba iliyopita. Hakukuwa na mwenye vidonda vya tumbo aliyeshika soda? Aliyeokoka? Mjomba wa kisukari? Mkwe Mwislamu? Walikula ndafu na wengine, na hakuna aliyefukuzwa kwenye kihamba cha ukoo. "Niko kwenye dawa" ni neno linaloheshimika mlimani, na ukishaonana na daktari litakuwa kweli tupu. Ugumu hauko kwa baba mkubwa. Uko kwenye harufu, kwenye makelele ya ndugu, kwenye saa kumi jioni pale kila mtu amechangamka na wewe unatetemeka. Wapo ambao mwaka wa kwanza hupanda asubuhi ya Krismasi na kushuka kabla ya jua kuzama. Wapo wasiopanda kabisa, wakapeleka nyama na sukari kwa mama siku nyingine, na ndugu wakanung'unika. Wapo wanaomwambia mama peke yake, na mama akawa ndiye anayesema "huyu mwacheni." Mama anayepika mbege anawajua wanywaji kuliko wengi wetu. Inawezekana ameshakutambua.

Nabaki na nyumbani kwako.

Unasema mume akijua ndoa imekwisha. Unalijua hilo kwa sababu amewahi kulisema, au ni hukumu uliyomwandikia wewe? Mtu anayelala na mkewe kitanda kimoja, hata kwa siku chache za mwezi, ana pua. Ukimya wake unaweza kuwa hasira, au aibu, au kutojua aanzie wapi. Kuna waume walioondoka, siwezi kukuficha. Kuna waliokaa wakawa ndio wanaoendesha gari kwenda mkutanoni, na kwa ndugu wa wanywaji kuna Al-Anon, ilianzishwa Marekani mwaka 1951, ambao nao hukutana kwa simu na intaneti. Kama mume wako amewahi kukupiga au unaogopa mkono wake, usimwambie mkiwa wawili tu: tafuta kwanza mtu wa kuwa karibu. Kama hana tabia hiyo, basi swali ni la wakati na maneno, na unaweza kulisubirisha mpaka umeonana na daktari na una kitu cha kumwonyesha kwamba umeanza.

Binti yako ndiye asiyeweza kusubirishwa hivyo. Wewe unahangaika nani atakuona, na yeye ameshaona. Aliamshwa usiku aue wadudu wasiokuwepo. Ananusa vikombe, na Septemba ana mtihani wa darasa la saba. Watoto wa nyumba zenye pombe mara nyingi huamini kuna walilokosea. Huhitaji kumweleza viroba wala maduka ya Pasua. Unaweza kumwita mkiwa mnachambua mchele, ukamwambia kwamba mama anaumwa, kwamba ugonjwa wenyewe ni pombe, kwamba hakuusababisha yeye, kwamba unakwenda kwa daktari siku fulani, na kwamba kuanzia leo vikombe utaviosha wewe. Usimwahidi kwamba umeacha. Mwahidi siku ya daktari, kisha uende.

Akiuliza swali ambalo huna jibu lake, mwambie huna. Na ukisharudi kutoka hospitali niandikie, hata kwa mistari miwili, nijue daktari alisemaje kuhusu ile likizo ya Juni.